Mwaka wa Kwanza Mkwawa: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Kusoma Katika Chuo Kidogo cha Umma

Jina lako limetoka: umechaguliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, mjini Iringa. Hongera sana. Kuna ndugu atakayekuuliza kwa nini hukupata Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Mweleze kwamba Mkwawa ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, kilipoanzishwa kwenye majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mkwawa, na kwamba shahada utakayovaa joho kwa ajili yake ni ya UDSM.

Tofauti kubwa ni udogo. Mlimani mwanafunzi anaweza kukaa miaka mitatu bila mhadhiri hata mmoja kumjua kwa jina. Mkwawa mhadhiri aliyekufundisha asubuhi utapishana naye jioni ukienda kununua nyanya, na ofisa wa usajili atakukumbuka sura. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote utakayoikuta pale, na inaniuma kuona watu wanahitimu bila kuigusa. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini nitarudia jambo moja kwa namna mbalimbali: fika ofisini mapema, julikana kwa mema, na usisubiri tatizo ndipo uutafute mlango.

Hatua ya 1: Kabla ya kupanda basi

Kama umechaguliwa chuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwa ujumbe wa simu, ndani ya muda uliotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Muda ukipita, nafasi anapewa mwingine.

Kisha kagua majina yako. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na kadi ya benki. Je, majina yanafanana herufi kwa herufi? Kwenye cheti kimoja wewe ni Mohamed, kwenye kingine Mohammed. Huku umeandikwa jina la babu, kule halipo. Mambo haya yanaonekana madogo hadi siku fedha za mkopo zinapogoma kuingia kwa sababu jina la akaunti haliendani na jina lililopo Bodi ya Mikopo. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili ukaandikiwe hati ya kiapo ukiwa bado nyumbani, wazazi wapo karibu na una muda.

Beba vyeti halisi, nakala zake kadhaa, picha ndogo za pasipoti na fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa mhuri hospitalini. Piga picha kila karatasi na ujitumie kwenye barua pepe yako. Begi linaweza kupotea njiani, barua pepe itakusubiri.

Ada na michango ya chuo hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo unayopewa, benki au kwa simu. Bima ya afya ya wanafunzi kupitia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Kama wazazi wako ni wanachama na wewe ni tegemezi wao, peleka kadi hiyo usilipe mara mbili. Mtu yeyote atakayekuambia umpe fedha mkononi au umtumie kwenye namba yake binafsi ili "akusaidie usajili" ni tapeli, hata akiwa amevaa fulana ya chuo.

Jambo la mwisho ni baridi. Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti asubuhi zake humshangaza kila anayetoka Dar, Tanga au Mtwara. Beba sweta zito na soksi. Blanketi utanunua hukohuko, mitumba ya mjini ni mizuri na bei yake ni nafuu.

Kutoka Dar ni takriban kilomita 500, unapita Mikumi na kupanda Kitonga. Panda basi la alfajiri ushuke stendi ya Igumbilo jua likiwa juu. Kumtafuta mwenye nyumba usiku katika mji usioujua ni kujitafutia hasara.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza ni ya makaratasi

Wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya si likizo. Maliza mambo kwa mpangilio huu: malipo, kuhakikiwa vyeti, kusajiliwa kwenye ARIS (mfumo wa mtandaoni wa kozi na matokeo), kitambulisho, kisha dawati la mikopo. Foleni ni ndefu kuanzia Jumatano na kuendelea. Anayefika Jumatatu saa moja na nusu asubuhi humaliza kabla ya chakula cha mchana.

Usajili wa kozi ufanye mwenyewe, kwa mkono wako. Usimwachie rafiki akusajilie "kwa sababu anaujua mfumo". Kozi ambayo haipo kwenye ARIS haina matokeo, hata kama ulihudhuria kila pindi. Ukimaliza kusajili, chapisha ukurasa ule au upige picha ya skrini yenye tarehe.

Kama unasoma ualimu, na wengi wa Mkwawa wanasoma ualimu, chagua masomo yako ya kufundishia kwa kufikiria miaka kumi mbele. Usifuate marafiki mliotoka nao shule. Siku hizi walimu wapya wanafanya usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira, na somo lako ndilo linaloamua unashindana na watu wangapi. Kama hisabati au fizikia unaiweza kweli, usiikimbie kwa sababu mtu wa mwaka wa tatu amekutisha.

Hatua ya 3: Pa kulala

Hosteli za chuo hazitoshi wote. Ukipata, kaa mwaka wa kwanza hata kama chumba ni cha kubanana. Upo karibu na maktaba, maji na umeme havikupi mawazo, na usiku huna safari. Kubebwa, yaani kulala kwenye kitanda cha mwenzako bila kuandikishwa, kunaweza kukusukuma wiki mbili za mwanzo, lakini kusiwe mpango wa mwaka. Mwenye kitanda huchoka, na wadeni, msimamizi wa hosteli, akipita mnaumia wote wawili.

Ukikosa hosteli utapanga geto, yaani chumba cha mtaani, mitaa ya jirani. Hapa fedha ya kwanza inatoka nyumbani, kwa sababu wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na mkopo utakuwa bado haujaingia. Mwambie mzazi mapema. Usimshtukize kwa simu ukiwa umesimama mlangoni na mabegi.

Kabla ya kulipa, nenda ukaone chumba mara mbili, mchana na usiku. Mchana angalia paa, choo na maji. Usiku angalia njia ya kutoka chuoni ina taa na watu au ni pori tupu, na kama jirani kuna kilabu cha ulanzi kinachopiga muziki hadi saa saba. Waulize wapangaji waliopo, mwenye nyumba akiwa hayupo: umeme wa LUKU mnagawanaje? Geti linafungwa saa ngapi? Ameshawahi kupandisha kodi katikati ya mwaka? Kisha andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, wenye kiasi, muda na sahihi, na udai risiti. Dalali mlipe baada ya kupewa ufunguo.

Wawili kupanga chumba kimoja ni akili nzuri, ila chagua mtu mnayeendana tabia kuliko mnayecheka naye. Mkubaliane kabla ya kuhamia kuhusu wageni, usafi na nani ananunua gesi.

Hatua ya 4: Bumu

Bumu ni fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Hapa ndipo mwaka wa kwanza unapoharibika au kunyooka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anayepata fedha kamili ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, HESLB, huhesabiwa 10,000 kwa siku tangu kiwango kilipopanda kutoka 8,500 mwaka 2022. Fedha huja kwa awamu, kwa kawaida ya siku kama 60, na hapo 600,000 inaingia kwenye akaunti kwa mpigo. Kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili anaamka na laki sita. Simu mpya, viatu, jezi, kuku wa kuchoma mjini kila jioni. Wiki ya tatu anaanza kukopa unga.

Gawa fedha siku ileile inapoingia, kabla hujatoka chumbani. Chukua mfano huu, ubadilishe namba kulingana na hali yako. Chumba cha 40,000 kwa mwezi ni 80,000 kwa miezi miwili; iondoe kwanza hata kama kodi bado ina muda, iweke mahali pa kodi ijayo. Chakula 5,000 kwa siku ni 300,000. Sabuni, bando, kutoa nakala na kuchapisha kazi, weka 80,000. Zimebaki 140,000. Kati ya hizo, 70,000 isiguswe kabisa: ni ya siku za kuchelewa, kwa sababu awamu inayofuata inaweza kuchelewa wiki moja au mbili, na bila akiba hiyo utakuwa mikononi mwa wakopeshaji. Iliyobaki ni yako: nauli, kanisani au msikitini, mchango wa msiba, kumtumia mdogo wako daftari.

Usiweke zote kwenye laini ya simu. Acha benki, na kila Jumapili jihamishie 35,000 ya chakula cha wiki. Ikiisha Ijumaa, Jumamosi utakula ulichonacho ndani. Inafundisha haraka.

Kupika kunaokoa kuliko chochote. Mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili, na kwenda sokoni Jumamosi kununua unga, mchele, maharage, nyanya na kabichi. Iringa mboga na viazi ni nafuu, na maharage ukichemsha mengi Jumapili yanafika Jumatano kwenye baridi ile. Mnaopika watatu pamoja mtatumia pungufu sana ya anayekula kwa mama ntilie mara tatu kwa siku. Ukiwa hosteli, fuata sheria za kule: hita na majiko ya umeme vimekatazwa kwa sababu nyaya huwaka moto.

Kuna mashimo mawili yanayomeza bumu kuliko mengine. La kwanza ni mikeka. Kubeti kunaanza na jero, na kunaishia kwenye kodi ya nyumba. La pili ni mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, pamoja na ile ya programu za simu inayotoa fedha kwa dakika mbili kisha inawapigia simu watu wote uliowahifadhi, akiwemo baba yako. Ukikwama kweli, nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi au serikali ya wanafunzi kabla hujaenda kwa mkopeshaji. Katika chuo kidogo mlango huo unafunguka.

Kumbuka pia kwamba bumu ni deni. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi liishe. Na kila mwaka Bodi inasubiri matokeo yanayoonyesha umefaulu kuendelea. Taarifa za mkopo wako ziangalie mwenyewe kwenye SIPA, akaunti yako ya mtandaoni ya Bodi. Wakitangaza kusaini, saini siku ya kwanza.

Kama hukupata mkopo, au umepata asilimia ndogo, kata rufaa dirisha likifunguliwa na uambatanishe ushahidi: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya TASAF, uthibitisho wa ulemavu. Maneno matupu kuhusu umaskini hayasomeki kwenye mfumo.

Hatua ya 5: Darasani

Kila kozi ina alama 100: 40 za kazi za muhula, yaani majaribio, semina na kazi za kuandika, na 60 za mtihani wa mwisho, UE. Kuanzia 70 ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C. Chini ya hapo unazungumza habari za sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Sasa fikiria. Ukiingia chumba cha mtihani na 30 kati ya 40, unahitaji 40 kati ya 60 ili upate A. Ukiingia na 18, unahitaji 52 kati ya 60, na watu wanaofikisha hapo ni wachache. Maana yake A hutafutwa wiki ya tatu, UE ikiwa bado mbali. Anayepiga msuli wiki mbili za mwisho anapigania kufaulu tu.

GPA, yaani wastani wa pointi zako, nayo ihesabu mwenyewe tangu muhula wa kwanza. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Zidisha kwa krediti za kozi, jumlisha, gawa kwa jumla ya krediti. Kozi ya krediti 12 ukipata B+ ni 48. Kozi ya krediti 8 ukipata C ni 16. Jumla 64 kwa 20, unapata 3.2, daraja la pili la chini. Ile C ingekuwa B, ungepata 72 kwa 20, sawa na 3.6, na umeshavuka 3.5 ya daraja la pili la juu. Mara nyingi kozi inayoleta C ile ni DS (masomo ya maendeleo) au stadi za mawasiliano, ambazo watu huzidharau kwa kuwa "si masomo yetu". Krediti hazijui dharau.

Madesa, yaani notsi za kunakili, ya kaka zako wa mwaka wa pili yatakufikia siku ya kwanza. Yapokee kwa shukrani, ila yatumie kama ramani ya kujua mada, kisha uende maktaba. Mhadhiri anayesahihisha karatasi 200 anaijua sentensi ya desa kwa kuiona tu. Mitihani iliyopita ndiyo hazina: tafuta ya miaka mitatu, jibu kwa kuandika kwa mkono, saa ikiwa mezani.

Kikundi cha kusoma kiwe cha watu wanne au watano. Kila mmoja apewe mada ya kuwafundisha wenzake, asimame ubaoni kabisa. Wewe ni mwalimu mtarajiwa. Hayo ni mazoezi ya kazi yako. Kikundi cha watu kumi ni kijiwe.

Semina zina alama na watu wanaogopa kuongea kwa sababu ya Kiingereza. Andika pointi mbili kabla hujaingia, na uwe wa kwanza au wa pili kusema, kabla hofu haijakomaa. Baada ya semina tatu utazoea.

Na ile faida ya udogo: kila mhadhiri ana saa za kuonana na wanafunzi, na mara nyingi anakaa peke yake. Nenda wiki ya tatu au ya nne ukiwa na swali moja mahususi kuhusu somo. Usiende kuomba alama. Na zikipotea alama zako, usilalamike kwenye grupu la WhatsApp. Pitia kwa CR, kiongozi wa darasa, kwanza, kisha andika ujumbe mfupi:

*Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, namba ya usajili (andika), kozi (andika). Alama zangu za jaribio la kwanza hazimo kwenye orodha iliyobandikwa Jumatatu. Nilifanya jaribio na kusaini karatasi ya mahudhurio. Naomba kuelekezwa siku ninayoweza kufika ofisini. Asante.*

Tunza kila karatasi ya jaribio iliyorudishwa hadi matokeo ya mwaka yatoke.

Hatua ya 6: Watu, afya na usalama

Chagua kundi moja la kiimani au la kijamii na lingine la kazi. TMCS (Wakatoliki), USCF na CASFETA (Wakristo wengine) na TAMSYA (Waislamu) ni familia za kweli kwa mtu aliye mbali na kwao; ukiugua ndio watakaokuletea uji. La kazi linaweza kuwa klabu ya somo lako, uandishi au michezo. Uongozi ni mzuri pia, ila CR wa mwaka wa kwanza atapigiwa simu hadi usiku. Ukubali ukijua hivyo.

Kuhusu afya, niseme wazi. Utafiti wa taifa wa 2022/2023 uliikuta Iringa na maambukizi ya VVU ya asilimia 11.1 kwa watu wazima, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Wewe na mpenzi wako pimeni kabla, wote wawili, tumieni kondomu, na msikubali kuaibishwa na anayewaona kwenye foleni ya zahanati. Ukihisi huzuni isiyoisha, usingizi umekimbia au unajifungia chumbani, Mshauri wa Wanafunzi ana kazi hiyo pia, hashughulikii nidhamu tu.

Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Ikikutokea, popote, na mtu wa cheo chochote, usifute ujumbe, usiende kuonana naye peke yako, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Kisha peleka taarifa Dawati la Jinsia au TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Chuo kidogo kinaweza kukufanya uogope maneno ya watu. Ndiyo maana nasema mwambie mtu mmoja kwanza, usibebe peke yako.

Usiku tembeeni wawiliwawili kurudi magetoni. Bodaboda tumia unayemjua.

Hatua ya 7: Toka nje ya geti

Jumamosi moja panda jiwe la Gangilonga uone mji wote chini yako. Nyingine nenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, ukaone zana za mawe za kale na nguzo za udongo. Kalenga kuna makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Na pale Lugalo, ambapo basi lako lilipita ukija, Wahehe waliwashinda Wajerumani Agosti 1891. Anayesoma historia akiondoka Iringa bila kufika sehemu hizi atakuja kufundisha kitabuni jambo aliloliishi jirani. Nendeni kikundi, mgawane nauli, mbebe chakula.

Hatua ya 8: UE, matokeo na mafunzo kwa vitendo

Wiki moja kabla ya UE hakikisha huna deni la ada linalokuzuia, kitambulisho unacho, na namba yako ya mtihani unaijua. Simu iache chumbani. Kukutwa nayo mtihanini, hata ikiwa imezimwa, kunaweza kukuondoa chuoni.

Matokeo yakitoka ARIS na ukaona sapu, usijifiche. Sapu ukifaulu unaandikiwa C na maisha yanaendelea. Anayedisko, yaani anayeondolewa chuoni kwa kufeli, mara nyingi ni yule aliyeona aibu akaenda nyumbani bila kuuliza tarehe ya kuirudia. Kama unaamini umeonewa, rufaa ina muda wake na ada yake. Uliza ofisi ya mitihani siku ileile.

Kisha yanakuja mafunzo ya ualimu kwa vitendo, likizo ndefu, ndani ya darasa la kweli. Ratiba ikitoka, chagua shule mapema, ambapo utapata pa kulala na somo lako lina uhaba wa mwalimu, maana hapo utapewa vipindi vya kutosha. Fika siku mbili kabla, ukamsalimie mkuu wa shule na mwalimu wa somo. Omba muhtasari wa somo, andaa azimio la kazi la kipindi chote, na andalio la somo la kila kipindi usiku wa kabla yake. Yaweke kwenye faili moja pamoja na nukuu za somo, na uingie nalo darasani kila siku. Msimamizi kutoka chuoni anaweza kufika Jumanne ya mvua bila kupiga simu, na kitu cha kwanza atakachoomba ni faili hilo.